Dadu Nyuma ya Kifuniko cha Cherehani

Darasani Mwalimu Paskazia hakuwa na mzaha. Mtoto akiandika nje ya mstari, anafuta. Akifuta vibaya hadi karatasi ikatoboka, anaanza ukurasa mpya, na asithubutu kununa. Watoto wa darasa la tatu pale Pasiansi, Mwanza, walimbandika jina la Rula. Alilijua jina hilo na wala halikumkera, maana alikuwa Mkerewe wa Nansio, mwembamba, aliyenyooka, na kwao alilelewa hivyohivyo: neno likishasemwa, limesemwa.

Sasa ungemwambia mzazi yeyote wa Pasiansi kwamba huyuhuyu Rula, kila Jumapili baada ya misa ya pili, anaketi nyuma ya duka la fundi nguo na kuwadanganya watu wazima mchana kutwa, angekuuliza umekunywa nini. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alidanganya miaka tisa mfululizo, tena kwa nia njema, na nia njema ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haimpi mtu nafasi ya kujuta mapema. Ilipofika mwaka 1995, arobaini zake zilikuwa zimekaribia.

Chanzo ni mchezo. Aliupata chuo cha ualimu, kwa mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuwa akiwafundisha hisabati. Yule bwana alikuwa na kitabu kinene na dadu za ajabu, nyingine za pande nne, nyingine nane, nyingine ishirini. Kila Jumamosi aliwaketisha wanafunzi watano mezani. Kila mmoja anajitungia mtu na kumwandika kwenye karatasi: jina lake, nguvu zake, anachokiogopa. Kisha mzungu anasimulia. Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanya nini? Kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa la hatari inarushwa dadu, na dadu ndiyo inayoamua kama umevuka au umeliwa na mamba. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea wiki hata wiki, na mtu wako akifa, amekufa. Mkataba ulipokwisha mzungu aliondoka na kitabu chake. Paskazia aliachiwa dadu moja tu, ya pande ishirini, ya kijani kama nyanya mbichi.

Kanuni alizozikumbuka hazikujaza kiganja. Palipopungua alijaza kwa namna ya bibi yake kule Nansio, ambaye alikuwa akisimulia huku wasikilizaji wanamkatiza, wanabisha, wanaigeuza hadithi njia, na bibi anafuata. Hivyo ndivyo alivyowafundisha rafiki zake wawili. Wa kwanza alikuwa Fundi Mbaruku, mwenye duka. Huyu ni Mzaramo ambaye baba yake aliletwa Mwanza na reli na hakurudi tena. Wa pili alikuwa Suzana, Msukuma wa Kisesa, mchuuzi wa samaki, ambaye wote walimwita Mama Masalu. Meza yao ilikuwa ile ndefu ya kukatia nguo. Ramani waliichora kwenye karatasi ya mitindo, na watu wao walikuwa vifungo. Mtu wa Suzana alikuwa kifungo kikubwa chekundu cha koti, jina lake Nahodha Minza.

Mbaruku naye alitia kanuni yake. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na mtani hata msibani hanyamazishwi. Basi Mbaruku akadai hivi: mtu wa karatasi wa mtani wake akipigwa na dadu mbaya, yeye ana haki ya kumchekesha mwenye mtu huyo. Akicheka kweli, dadu inarushwa tena mara moja. Asipocheka, basi tena. Waliiita haki ya mtani. Kitabu cha mzungu hakikuwa na kitu kama hicho, lakini kitabu kilikuwa Ulaya.

Na uongo ulianzaje? Ulianzia hapohapo mezani, mwaka wa kwanza. Paskazia alikuwa akirusha dadu nyuma ya kifuniko cha mbao cha cherehani, kama alivyomwona mzungu akifanya kwa kitabu chake, kisha anataja namba kwa sauti. Siku hiyo Minza alikuwa amevamiwa na kiboko, na Suzana alikuwa ametoka kumzika mama yake wiki iliyotangulia. Dadu ilisema mbili. Paskazia akamtazama yule mwanamke alivyoushika ukingo wa meza, akasema, "Kumi na saba." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Suzana alishusha pumzi, akapiga kofi meza, na Minza akamuua kiboko.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Minza akapata mtumbwi mmoja, akapata wa pili, akapata wa tatu. Hata Mbaruku alipozidiwa alipunguziwa hukumu. Kwa miaka tisa hakuna aliyekufa kwenye ile meza, na haki ya mtani ikakaa bure kama mwavuli wa kiangazi.

Kisha akaja Faisal.

Faisal alikuwa mpwa wa Mbaruku, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye kibanda cha mitumba. Alikuwa amepita kwenye mikono ya Rula darasa la tatu, na mistari yake hadi leo imenyooka. Jumapili hiyo aliingia na kitabu kikubwa kilichochanika jalada, akakiweka katikati ya ramani, juu ya ziwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Mama Masalu."

"Marahaba," walijibu pamoja.

"Nimekikuta ndani ya robota la makoti. Nimekisoma na kamusi miezi miwili. Mwalimu, ni kitabu cha huu mchezo wenu."

Paskazia alikigusa kwa ncha ya kidole. Aliona michoro ya dadu, akaona majedwali. "Mbona kurasa za mwanzo hazipo?"

"Hazipo kumi na mbili."

"Huenda ndizo zilizosema kitabu hiki kisifuatwe."

Mbaruku alicheka. Faisal hakucheka. "Zilizobaki zinatosha," alisema. "Zinasema kuna namna ya kila kitu. Namna ya kupigana, ya kuogelea, hata ya hali ya hewa. Na ukurasa wa thelathini na moja unasema dadu irushwe mezani, wote waione. Nyinyi mnarusha nyuma ya kifuniko."

"Tumezoea hivyo," Paskazia alisema.

"Lakini Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha. Kanuni ni kanuni."

Hapo alimkaba. Paskazia akamgeukia Suzana akitumaini atapinga, kwa kuwa Suzana alikuwa na sababu zote za kuchukia kanuni. Miaka hiyo watu waliambiwa kila kitu kimeachiwa huru: biashara huria, soko huria, hata vyama vya siasa vimekuwa vingi. Ajabu ya uhuru huo, kila ulipogusa ulikuta sharti jipya na mtu wa kukupigia mhuri. Kule mwaloni, ufukweni panaposhushwa samaki, ambako Suzana alizoea kununua samaki kwa maneno matamu na undugu wa mbali, sasa walikaa mawakala wa viwanda na mizani. Sangara wote wazuri walikwenda kiwandani. Asiye na kadi ya wakala alibaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyotupwa baada ya minofu kutolewa.

Lakini Suzana akasema, "Mimi naona sawa. Irushwe hadharani. Minza wangu haogopi dadu. Miaka tisa hajazama hata siku moja, na hakuna aliyenisaidia."

Alisema huku amenyanyua kidevu. Paskazia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaomba wapewe wiki moja ili akisome kitabu, na wakampa.

Wiki hiyo haikumpa usingizi. Hakuogopa kufukuzwa mezani, wala hakuogopa kuchekwa na Faisal. Aliogopa kitu kimoja tu, Suzana ajue. Dadu ya kweli ingeonekana wazi ilivyo, leo tatu, kesho tano, na mtu yeyote mwenye akili angejiuliza zile kumi na saba zilikuwa zikitoka wapi. Alifikiria kuitupa dadu ziwani na kusema imepotea. Akaona ni utoto. Alhamisi, baada ya shule, akajikaza kisabuni akateremka mwaloni, amwambie mwenyewe kwa mdomo wake.

Alimkuta Suzana amesimama mbele ya wakala na ndoo tupu.

"Mama, nimeshasema," wakala alikuwa akimwambia, hata hamtazami. "Bila kadi siwezi. Si mimi, ni utaratibu."

"Samaki mmoja tu. Nilikuwa nanunua hapa wewe hujazaliwa."

"Ni utaratibu."

Suzana aligeuka na kumwona rafiki yake. Akajifuta mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa na maji. "Umeyaona hayo, Mwalimu? Waache tu. Jumapili nina mitumbwi mitatu na hakuna wa kuniuliza kadi." Akacheka kidogo, akajitwika ndoo yake tupu. Paskazia alikuwa na maneno yote mdomoni. Akayameza, akaulizia afya ya watoto.

Jumapili ikafika. Kifuniko cha cherehani kilirudishwa kwenye cherehani yake, na meza ikawa wazi kuliko ilivyowahi kuwa. Paskazia akaanza kusimulia, na kama ungekuwepo ungemwonea huruma. Alisimulia ziwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Alisimulia upepo mwanana. Minza na mitumbwi yake alitoka Nansio kuja Mwanza, na njiani alikutana na ndege, akakutana na ndege wengine, akapita kisiwa chenye maua. Saa nzima hapakutokea jambo lolote la kurushiwa dadu.

Mbaruku alipiga miayo. "Mwalimu, leo ni safari au ni kipindi cha jiografia?"

"Ziwa limetulia," Paskazia alisema.

Faisal alifungua kitabu taratibu. "Samahani, Mwalimu. Hali ya hewa siyo ya kuchagua. Kuna jedwali. Wakiwa majini, kila siku inarushiwa dadu."

"Hadithi ni yangu, Faisal."

"Hadithi ni yako. Upepo ni wa dadu."

Wakatazamana, mwalimu na mwanafunzi wake. Suzana alikuwa amekwisha kuichukua dadu. "Acheni kubishana, ni upepo tu," alisema, akairusha. Ikagonga mkasi, ikageuka, ikalala. Moja. Faisal akapitisha kidole kwenye jedwali. Moja ilikuwa dhoruba.

Hapo Paskazia hakuwa na pa kukimbilia. Akasimulia wingu linavyopanda kutoka upande wa Ukara, maji yanavyobadilika rangi, mabaharia wa Minza wanavyotupa mizigo. Sauti yake ilitetemeka, na wenzake walidhani ni ufundi wa kusimulia. Mitumbwi miwili ikapinduka. Minza akabaki na mmoja.

"Kumi na kuendelea anapona," Faisal alisema. "Chini ya kumi anazama."

Suzana alitikisa dadu kiganjani. Paskazia alijikuta anaomba, yeye mtu mzima, mwalimu, anamwomba Mungu kwa ajili ya kifungo cha koti. Dadu ikaanguka.

Tatu.

Kisha Mbaruku akasimama. "Haki ya mtani," alisema. "Huyu ni Msukuma wangu, hafi bila ruhusa yangu."

"Mjomba, hilo halimo kitabuni," Faisal alisema.

"Kitabu kina watani?"

"Hakina. Ndiyo maana halimo."

"Basi kitabu hicho kimeandikwa na yatima."

Ingekuwa siku nyingine Suzana angecheka. Lakini macho yake yalikuwa kwenye dadu. Alikuwa akihesabu kichwani, na Paskazia alimwona anavyohesabu. Moja, tatu. Miaka tisa hazijatoka hata mara moja.

"Mwalimu," Suzana alisema polepole. "Zile namba ulizokuwa unatutajia. Zilikuwa za dadu?"

Angeweza kusema ndiyo. Faisal alikuwa mgeni, Mbaruku angemtetea, na Suzana mwenyewe labda alitaka kuambiwa ndiyo. Paskazia alitazama ramani. "Nyingine zilikuwa za dadu," alisema. "Nyingi hazikuwa."

"Ya kiboko?"

"Ilikuwa mbili."

"Na mitumbwi?"

"Hata hiyo," Paskazia alisema.

Suzana hakupiga kelele. Ingekuwa heri apige. "Kwa hiyo nilipewa," alisema. "Nilikuwa narudi nyumbani Jumapili nasema, Suzana, kuna mahali dunia hii wewe umepambana ukapata. Watoto wangu nimewasimulia. Kumbe na hapa nilikuwa naonewa huruma, kama kule mwaloni ninapotupiwa mapanki."

"Mama Masalu, nilikupenda. Sikutaka uumie."

"Wakala ananinyima, lakini angalau ananinyima mbele ya macho yangu." Akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Kifungo chekundu kilibaki katikati ya ziwa.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Paskazia alikwenda kwake mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa hayupo, na mara ya pili aliiona kanga yake ikipita nyuma ya pazia. Darasani akawa mkali hadi watoto wakaogopa kuchonga penseli. Faisal naye aliacha kuja na kitabu. Alimwambia mjomba wake kwamba hakutaka yafike huko, yeye alitaka mchezo uwe wa haki tu. Mbaruku akamjibu kuwa mwenye haki naye huwa anahitaji kuangalia anakanyaga wapi.

Ni Mbaruku aliyepata dawa. Alimtuma mtu mwaloni na ujumbe: mtani, Minza hajazikwa, maiti imelala mezani kwangu wiki ya tatu na inanifukuzia wateja. Sasa hapo amemshika pabaya. Unaweza kumsusia rafiki, unaweza kumsusia hata ndugu, lakini msiba haususwi. Jumapili Suzana alikuja, amenuna, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango bila kumtazama Paskazia.

Kifungo kilikuwa kimelazwa juu ya kipande cha bafta nyeupe. Mbaruku alikuwa amejifunga kitenge na kujitwika ndoo. Bila salamu akaanza kutembea kama Suzana anavyotembea, kifua mbele na mkono mmoja ukiogelea, akamwendea Faisal na kumwambia kwa lafudhi ya Kisukuma, "Wewe wakala, nipe samaki, mimi nilikuwa nanunua hapa hata ziwa halijachimbwa." Kisha akajilaza mlangoni kwa urefu wake wote, tumbo juu. "Mimi mtani nimeziba kaburi. Minza hamziki mtu mpaka nilipwe ng'ombe. Na nyinyi Wasukuma kwa ng'ombe mlivyo, mtaona bora maiti ioze."

Suzana aliuma mdomo. Akatazama dari. Kisha ndoo ikamtoka Mbaruku na kubingiria hadi miguuni pake, na kicheko kikamponyoka, kikamshinda, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

"Amecheka," Mbaruku alisema kutoka sakafuni. "Wote mmesikia."

Wakamtazama Faisal. Kijana alikuna kichwa. "Kitabuni hakuna mazishi," alisema. "Kama mazishi ni yenu, basi na utani ni wenu." Akaichukua dadu ya kijani na kumpa Suzana.

Suzana aliigeuza mkononi. Kisha akasimama, akaenda kwenye cherehani, akachomoa kile kifuniko cha mbao. Alikisimamisha mezani palepale pa zamani, kati yake na Paskazia, akaiweka dadu upande wa pili.

"Rusha wewe," alisema. "Nitajie namba."

"Mama Masalu, turushe hadharani wote waone."

"Sitaki kuona. Nataka uniambie."

Paskazia aliichukua dadu. Akairusha. Ilizunguka, ikagonga mbao, ikatulia, na hakuna mwingine aliyeiona. Mbele yake alikuwa na Suzana, ameushika ukingo wa meza vilevile kama siku ya kiboko. Kumi na saba ilikuwa ni neno moja tu.

"Nne," alisema.

Suzana alimtazama. Hakuinua kifuniko kuhakikisha. Alikivingirisha kifungo chekundu kwenye bafta, akakifunga fundo, akakitia kifuani.

"Haya, amekufa," alisema, na akavuta kigoda chake karibu na meza. "Nipe karatasi mpya, Mwalimu. Huyu anayekuja hana mtumbwi. Ataanza na ndoano."